Kioo cha shawa kisicho na fremu: maliza ukuta kabla ya kupima kioo

Swali: "Tunamalizia nyumba yetu Kigamboni, si mbali na bahari. Mke wangu ametamani kwa muda mrefu shawa ya kioo kitupu, isiyo na fremu za alumini, yenye mlango wa kufungua. Bafu lina upana wa mita 1.6 na urefu wa mita 2.8, na sehemu ya kuogea tumeitenga mwisho wa chumba, kina chake mita 1.2. Kuta ni za matofali ya saruji, lipu imekwisha kupigwa, vigae bado. Fundi wa alumini anataka kuja kupima sasa ili tusichelewe. Anasema atatumia kioo cha milimita 6, kikizidi atakipunguza hapo hapo, na matundu ya bawaba atayatoboa mwenyewe. Jirani naye amenitisha kwamba vioo hivi hulipuka vyenyewe, hasa mtu akioga maji ya moto. Mama yangu mwenye miaka 74 anaishi nasi, na maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Je, niendelee? Na kama ni kuendelea, nianzie wapi?"

Jibu: Ndugu yangu, unaweza kuendelea, ila si kwa mpango huo uliopewa. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Fundi anayekuahidi kwamba atakipunguza kioo hapo hapo bafuni na kukitoboa kwa mkono wake amekwisha kukuambia, pengine bila kujua, kwamba kioo anachokusudia kukuletea si cha usalama. Kioo kinachofaa kuzungushiwa mahali ambapo watu huoga, wakiwa hawana nguo na miguu ikiwa imelowa, hakikatiki wala hakitoboki tena baada ya kutoka kiwandani. Kwa hiyo hofu ya jirani yako na ahadi ya fundi wako zina mzizi mmoja, nao ni kutojua kioo hiki kinatengenezwaje.

Kioo cha kawaida, kile cha madirisha, hupoozwa polepole kiwandani, na ndiyo maana fundi anaweza kukikwaruza kwa kalamu ya almasi na kukivunja kwa mstari ulionyooka. Kikivunjika kwa bahati mbaya hutoa vipande virefu vyenye ncha, vikali kama visu. Kioo cha shawa hupitia hatua moja zaidi. Kikishakatwa kwa vipimo vyake kamili, kingo zikasagwa hadi zikawa laini, na matundu yote yakatobolewa, huingizwa kwenye tanuri na kupashwa joto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla pande zote mbili. Uso wake huganda kwanza wakati moyo ungali laini, na moyo unapopoa baadaye na kutaka kusinyaa, huuvuta ule uso ulioganda tayari. Hivyo uso wote hubaki umebanwa na moyo hubaki umevutwa, na hali hiyo hudumu maisha yote ya kioo. Ufa hauwezi kuanza juu ya uso uliobanwa mpaka nguvu ya nje iushinde kwanza ule mbano, na ndiyo sababu kioo hiki, ambacho madukani huitwa temperedi, huhimili takriban mara nne ya kile cha kawaida chenye unene uleule. Lakini keekee ikipenya hadi kwenye moyo uliovutwa, nguvu yote iliyofungiwa humo huachiliwa kwa mara moja, na kioo kizima hugeuka punje punje, kama unavyoona barabarani pale ambapo dirisha la mlango wa gari limevunjwa.

Hapo ndipo ilipo asili ya maneno ya jirani yako. Kioo hiki kikivunjika huvunjika chote kwa pamoja, kwa kishindo, na mtu aliyekuwa chumba cha pili husema kwa haki kabisa kwamba kimelipuka chenyewe. Maji ya moto, hata hivyo, hayahusiki. Kioo cha kawaida kinaweza kupasuka pale ambapo sehemu yake moja imezidi nyingine kwa nyuzi 40 hivi za joto. Kile kilichokomazwa kwa tanuri huhimili tofauti ya nyuzi 200 hivi, na hakuna binadamu anayeoga maji yanayokaribia joto hilo. Zipo sababu mbili za kweli. Ya kwanza ni adimu: chembe ndogo sana za mchanganyiko wa nikeli na salfa, ambazo hunaswa ndani ya kioo wakati wa kuyeyushwa, hubadilika umbo polepole baada ya miezi au miaka, zikitanuka kwa asilimia 2 hadi 4, na chembe iliyokaa katika moyo uliovutwa inaweza kukivunja kioo pasipo mtu kukigusa. Viwanda vyenye uangalifu hupunguza hatari hiyo kwa kukirudisha kioo kwenye joto la nyuzi 260 hivi kwa saa kadhaa, ili kile kitakachovunjika kivunjikie huko. Muulize muuzaji kama kioo chake kimepitishwa hatua hiyo, na akisema ndiyo, aiandike kwenye stakabadhi.

Sababu ya pili ndiyo niliyoiona mara nyingi zaidi katika kazi yangu, nayo ni kujeruhiwa kwa ukingo. Uso wa kioo hiki unaweza kupigwa kwa kiganja au kwa kiwiko bila kudhurika, lakini kona na kingo zake ni mahali dhaifu. Kigae cha bafuni, hasa cha aina ngumu ya poseleni, ni kigumu kuliko kioo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilisimamisha mlango wa milimita 10 juu ya sakafu ya vigae kwa dakika chache tu, nikitafuta drili, bila kuweka ubao chini yake. Kona iligusa kigae kwa mguso mdogo ambao sikuusikia, na mlango mzima ukamwagika sakafuni kama chumvi ya mawe. Tangu siku ile hakuna kioo kinachogusa kigae au chuma mbele ya macho yangu: chini huwekwa vipande vya plastiki ngumu vya milimita 3, na kila bawaba na kibano huwa na mpira au plastiki inayokitenga kioo na chuma. Kumbuka jambo hili siku ya kufungwa, kwa sababu fundi mwenye haraka hutupa vile vipande vidogo vya plastiki akidhani ni vifungashio.

Utakijuaje kioo sahihi? Sharti kiwe na muhuri mdogo wa kudumu uliochorwa kwenye kona moja, wenye jina la mtengenezaji na namba ya kiwango, kwa mfano EN 12150, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha kioo kilichokomazwa. Karatasi ya kubandika si muhuri. Ukiwa na miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao, ivae na ukitazame kioo kwa kukiinamisha dhidi ya anga; mara nyingi utaona madoa au mistari hafifu iliyopangika, nayo ni alama za mapulizo ya hewa baridi. Usikubali jaribio la kukigonga kwa nyundo, hata kama fundi anajiamini kiasi gani.

Sasa tuje kwenye unene na uzito, maana hapa ndipo bei huwavuta watu upande usiofaa. Kioo cha milimita 6 hutumika katika shawa zenye fremu, ambapo alumini hukizunguka na kukishika pande zote. Bila fremu, kioo ndicho kinachojibeba, hivyo ninaanzia milimita 8 na kwa kawaida napendekeza 10. Hesabu yake ni rahisi: kila mita ya mraba huwa na kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene. Kioo kisichofunguka cha sentimita 90 kwa mita 2, kikiwa cha milimita 10, kitakuwa na kilo 45. Mlango wa sentimita 70 kwa mita 2 utakuwa na kilo 35. Kwa milimita 8 utapungua hadi 28. Kuongeza unene hakuna faida kama bawaba na ukuta havikuchaguliwa kwa uzito huo, kwa hiyo soma kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye boksi la bawaba, na uache nafasi ya kutosha kati ya uwezo wake na uzito wa mlango wako.

Ukuta ndio nitakaokaa nao kwa muda mrefu, kwa sababu ndipo ulipo leo, na ndiyo hatua pekee ambayo kosa lake bado linasahihishika kwa gharama ndogo. Mlango wa kilo 35 unaoning'inia kwenye bawaba mbili hausukumi chini tu. Uzito wake umekaa katikati ya upana, yaani sentimita 35 kutoka ukutani, na kwa hiyo muda wote unaipindua bawaba ya juu itoke nje ya ukuta na kuikandamiza ya chini ndani. Bawaba zikiwa na umbali wa mita 1.5 kati yake, ile ya juu huvutwa kwa nguvu ya kilo 8 hivi usiku na mchana, hata nyumba ikiwa imelala; mtu akiuegemea mlango, au mtoto akiuning'inia, nguvu hiyo huongezeka mara kadhaa. Tofali la saruji lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi humomonyoka mbele ya keekee kama biskuti, na plagi ya plastiki haipati cha kushika. Vigae na lipu havihesabiki hapo, kwa kuwa ni ngozi tu.

Kwa kuwa vigae bado, fanya hivi: chagua leo mstari wa kioo na upande wa bawaba, kisha mwombe mwashi achimbe ukuta upande huo, mfereji wa upana wa sentimita 20 hivi kutoka sakafuni hadi juu kidogo ya mita 2, na aujaze zege yenye kokoto ndogo. Kama upo karibu na nguzo ya zege iliyokwisha kumwagwa, afadhali zaidi kuhamishia bawaba upande wa nguzo. Ila kabla mwashi hajaanza kuchimba, hakikisha mabomba ya maji na nyaya za umeme wa hita ya shawa havipiti hapo. Piga picha za kuta zote pamoja na futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha, kwa maana baada ya vigae hakuna atakayekumbuka bomba lilipita wapi, na skrubu za bawaba huingia ndani kwa sentimita kadhaa. Kuta za shawa, na sakafu yake yote, zipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae. Matundu ya bawaba yatautoboa utando huo baadaye, kwa hiyo kila tundu lijazwe silikoni kabla ya skrubu kuingia.

Kisha kuna suala la wima. Macho hayawezi kuona ukuta ulioinama milimita 10 katika urefu wa mita 2, lakini kioo kitauonyesha kwa kila atakayeingia bafuni, kwa sababu kioo hunyooka na ukuta haukunyooka, na pengo kati yake huanza kwa uzi mwembamba chini na kufika unene wa kidole juu. Mbaya zaidi ni ukuta wa bawaba ukiinama, kwa juu, kwenda nyuma mbali na mlango. Kwa mwinamo huo wa milimita 10, ncha ya mlango wa sentimita 70 hushuka milimita 3.5 kutoka kufungwa hadi kufunguka, na mlango hautatulia: utakuwa ukijifungua wenyewe kila mtu anapouachia. Mwambie fundi wa vigae mapema, kabla hajachanganya gundi, kwamba kuta hizo mbili zitabeba kioo, na azinyooshe kwa timazi na pima maji, kwa kusahihisha lipu kwanza. Gundi ya vigae haikutengenezwa kwa kuziba mashimo makubwa ya lipu. Ukutani kusiwe na nafasi tupu nyuma ya vigae mahali pa bawaba. Gonga kwa kifundo cha kidole, na sauti ya uvungu ikisikika, kigae hicho king'olewe na kibandikwe upya.

Sasa unaona kwa nini siafiki fundi wa kioo kuja kupima leo. Vigae na gundi yake vitakula kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila upande, na hakuna ajuaye hasa ni kiasi gani mpaka viwe vimekauka. Aje baada ya vigae kukamilika, apime upana wa nafasi chini, katikati na juu, apime wima wa kila ukuta na usawa wa sakafu, na tofauti hizo azipeleke kiwandani ili kioo kikatwe kwa kuufuata ukuta. Kiwandani wanaweza kukata ukingo uliopinda kidogo bila shida yoyote. Nyumbani kwako hawawezi kuondoa hata nusu milimita. Ndiyo, utasubiri bafu likiwa tayari na kioo hakijafika. Kusubiri huko hakuepukiki, na ni nafuu kuliko kuagiza kioo mara mbili.

Sakafu nayo ipangwe pamoja na mstari wa kioo. Mteremko wa kuelekea tundu la maji uwe wa sentimita 2 kwa kila mita. Kwa kina chako cha mita 1.2 ni milimita 24 tu, na miguu haitauhisi. Lakini chini ya mstari wa kioo chenyewe, safu moja ya vigae ibaki sawa kutoka ukuta hadi ukuta, mteremko uanzie ndani yake. Kama mtajenga kizingiti, uso wake wa juu uinamie ndani kwa milimita 2 au 3, kwa sababu maji yatakayotua juu yake lazima yaamue pa kwenda, na yakikuta uso ulio sawa yatakwenda chumbani. Kwa ajili ya mama, ningekushauri usijenge kizingiti kabisa. Kunyanyua mguu juu ya ukuta mdogo, sakafu ikiwa imelowa, ni mwendo ambao mtu wa miaka 74 hapaswi kulazimishwa kuufanya kila siku. Weka badala yake tundu refu la maji lenye wavu, ama mwishoni mwa chumba ama karibu na mstari wa kioo, na vigae vidogo vyenye uso wa kukwaruza, ambavyo viungo vyake vingi huupa mguu mshiko.

Hilo linanifikisha kwenye mlango, na hapa niwe mkweli kwako na kwa mama wa nyumba. Mlango wa kioo usio na fremu haufungi maji kabisa. Kati ya kioo na kioo, na kati ya kioo na ukuta, sharti ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 ili visigusane, na mipira ya plastiki inayozibia nafasi hizo huzuia maji ya kurukaruka, si maji yanayolengwa moja kwa moja. Kinacholinda chumba kwanza ni mahali pa bomba la mvua. Kwa bafu lenu, kama kioo kisichofunguka kitashika ukuta wa kushoto na mlango ukashika wa kulia, bomba liwekwe kwenye ukuta wa mwisho, upande wa kushoto, ili maji yake yaelekee kwenye kioo kisichofunguka, ambacho chini yake kumezibwa kwa silikoni. Likiwekwa mkabala na mlango, hakuna mpira utakaowasaidia.

Mkiuweka mlango, ufungukie nje. Si kwa sababu ya urembo: mtu akianguka ndani na kuuzuia mlango kwa mwili wake, lazima muweze kumfikia. Pimeni basi kama nafasi ya kuzungukia mlango ipo bila kugonga choo, sinki au mpini wa mlango wa bafu, na mfunge kizuizi cha mpira sakafuni ikiwa kuna chochote njiani. Lakini kama ningeshauri kwa moyo wangu wote, kwa nyumba yenye mama mzee na sehemu ya kuogea yenye kina cha mita 1.2, ningechagua kioo kimoja kisichofunguka cha sentimita 90 na kuacha njia wazi ya sentimita 70, au 80 kwa 80 kama mama huenda akahitaji kusaidiwa kuoga. Unapoteza kidogo: sakafu nje ya njia italowa mara kwa mara, hasa katika mgawanyo wa 80 kwa 80, na chumba hakitahifadhi mvuke na joto wakati wa baridi ya Julai, ingawa kwa Dar es Salaam hilo si kubwa. Unachopata ni kutokuwa na bawaba za kulegea, mipira ya kubadilisha wala kitu kizito kinachotembea, na bado macho yanaona kioo kitupu kama mkeo alivyotamani. Kioo cha namna hiyo, kwa kuwa upande wake mmoja uko huru, kifungwe nondo nyembamba ya chuma kisichoshika kutu kutoka juu yake hadi ukutani, ili kisitikisike mtu anapokiegemea. Na kwa vyovyote mtakavyochagua, mshikio wa mama ufungwe ukutani, kwenye zege, si kwenye kioo. Mpini wa mlango na fimbo ya taulo havikutengenezwa kubeba mtu anayeteleza.

Kuhusu bahari na chumvi, kioo chenyewe hakidhuriki na hewa ya Kigamboni, vifaa vya chuma ndivyo vinavyoumia. Bawaba za bei ya chini huwa za aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya kung'aa; ukiinyanyua unaihisi ni nyepesi kuliko inavyoonekana, na hapo pwani rangi hubabuka na chini yake hutoka unga mweupe. Chagueni za brasi nzito zilizopakwa vizuri, au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina molibdeni ndani yake na huhimili chumvi kuliko daraja la 304 linalouzwa zaidi. Skrubu nazo ziwe za daraja hilohilo. Nimekuta bawaba nzuri zikiwa zimefungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, na ukuta mzima ukiwa umelia machozi ya kutu.

Maji ya kisima huacha doa jeupe kila tone linapokaukia kwenye kioo, na doa hilo likiachwa miezi mingi hushikana na uso wa kioo hata likawa halitoki kwa sabuni. Dawa yake kubwa ni mpira wa kufutia maji, ule wa kusafishia vioo vya magari, uning'inizwe humo humo na atumie kila anayemaliza kuoga. Ni kazi ya nusu dakika. Madoa yaliyoanza yafutwe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha yasuuzwe mara moja, bila kuigusisha kwenye mawe asilia kama marumaru halisi, kwa sababu asidi huyala. Kamwe msitumie waya wa kusugulia sufuria. Vipo vimiminika vya kupaka kioo ili maji yateleze, navyo husaidia kwa kweli, ila huisha na kuhitaji kurudiwa, kwa hiyo visikufanye uache mpira.

Siku ya kufunga, hii si kazi ya kujifunzia. Kioo cha kilo 45 kinahitaji watu wawili wenye glavu, viatu vilivyofunika miguu na vishikio vya kunyonya, na sakafu iwe imetandikwa ubao au zulia nene kuanzia mlango wa nyumba. Vigae vitobolewe kwa keekee ya almasi inayopoozwa kwa maji, bila mtindo wa kugonga mpaka kigae kipite. Silikoni iwe ya aina isiyotoa harufu ya siki, yenye kinga ya ukungu, kwa maana ile yenye harufu kali huweza kula vyuma na baadhi ya vigae vya mawe, na msioge humo kwa saa 24, ama zaidi kama mkebe unasema hivyo. Unachoweza kukifanya mwenyewe ni kusimama hapo na kuangalia: je, kila kibano kina mpira wake, je, kuna mahali kioo kinagusa chuma au kigae, je, skrubu zinakazwa taratibu kwa zamu au moja inakazwa hadi mwisho kabla ya nyingine.

Kama wasiwasi wa kuvunjika bado unawanyima raha, ipo njia ya ziada. Muulizie kioo cha tabaka mbili zilizokomazwa na kugandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, kwa mfano wa kioo cha mbele cha gari. Kikivunjika, punje zake hubaki zimeshikwa na utando. Ni kizito zaidi na ghali zaidi, na si kila muuzaji anacho. Njia nafuu ni utando wa usalama unaobandikwa upande mmoja wa kioo cha shawa kilichokomazwa cha tabaka moja, nao hufanya kazi ileile kwa kiasi chake, ila kingo zake huanza kuachia baada ya miaka kadhaa ya maji.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyaamua, na hayo mtafute mhandisi au fundi mwenye uzoefu afike nyumbani: ukuta wa bawaba wenye ufa unaopita lipu na kuingia kwenye tofali, tofali linalomomonyoka hata baada ya kutobolewa kwa uangalifu, au nyaya za hita ambazo hakuna ajuaye zimepita wapi, jambo ambalo ni la fundi umeme mwenye leseni, si la fundi kioo. Vilevile, baada ya kufungwa, mlango ukianza kushuka, bawaba ikicheza, au mkiona mmeguko mdogo kwenye ukingo wa kioo hata wa ukubwa wa punje ya mchele, acheni kutumia shawa hiyo siku hiyohiyo mpaka fundi afike. Mmeguko huo hauzibwi kwa gundi, na kioo hicho kibadilishwe.

Kwa wiki hii, basi, mwahirishe fundi wa alumini, wala usimlipe arubuni. Mwite mwashi na fundi wa vigae wakae na wewe bafuni, mchore kwa chaki sakafuni mstari wa kioo, njia ya kuingilia na mahali pa bomba la mvua, na umwite mama asimame hapo, apite, ageuke, anyooshe mkono akitafuta pa kushika. Mahali mkono wake utakapofika, weka alama ukutani. Hapo ndipo zege ya mshikio wake inapotakiwa kumwagwa kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa.